Habari za Eddie George: Mchezaji Aliyepata Kuwa Mwalimu

1. Mchezo wenyewe

Watu wa nchi nyingi wakisema "mpira" wana maana ya mchezo wa kupiga mpira kwa miguu, ambao mchezaji, isipokuwa mlinda mlango, amekatazwa kuushika kwa mikono. Lakini Wamarekani wana mchezo wao mwingine waliouita kwa jina hilohilo la mpira wa miguu. Mgeni akiutazama mara ya kwanza hushangaa, maana miguu haiupigi mpira ila mara chache. Wachezaji huushika mikononi, huukumbatia kifuani, kisha hukimbia nao. Wala mpira huo si mviringo kama chungwa. Ni mrefu, umechongoka huku na huku, mfano wa yai lenye ncha mbili.

Kiwanja chake kina urefu wa yadi 100 baina ya mistari miwili ya mwisho. Yadi moja ni futi tatu, yaani pungufu kidogo ya mita moja, kadiri ya hatua moja ndefu ya mtu mzima. Kila upande huweka watu 11 uwanjani. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ili usogee mbele yadi 10. Ukifaulu, hupewa majaribio mengine manne. Ukishindwa, mpira huenda kwa washindani. Mchezaji akiuvusha mpira mstari wa mwisho wa wenzao, upande wake hupata alama 6.

Wanaozuia wana ruhusa ya kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini. Kwa sababu hiyo wachezaji huvaa kofia ngumu vichwani na mito mabegani. Hata hivyo wengi huumia, magoti kwa vichwa, na mtu asiye na moyo mgumu hauwezi mchezo huu.

Katika kila upande yuko mtu ambaye kazi yake hasa ni kupokea mpira na kupenya nao katikati ya washindani. Katika habari hizi huyo ataitwa mchukua mpira. Mpira mikononi mwake ni amana ya wenzake wote. Akiuangusha, yeyote anayeuwahi ndiye mwenye mali, hata akiwa mshindani. Basi, sharti la kwanza la mchukua mpira si kukimbia mbio, bali ni kutouachia mpira.

2. Kijana wa Philadelphia

Eddie George alizaliwa tarehe 24 Septemba 1973, katika mji mkubwa wa Philadelphia, upande wa mashariki wa Marekani. Tangu utoto alipenda mpira, naye alikuwa na mwili mkubwa wenye nguvu. Lakini nguvu za mwili ni jambo moja, na nguvu za nia ni jambo jingine. Alipokuwa katika shule ya sekondari alama zake za masomo zilikuwa duni, na mwenendo wake haukumpendeza mama yake.

Mama huyo hakungoja mambo yaharibike. Alimtoa mwanawe katika shule ya karibu na nyumbani, akampeleka Fork Union, katika jimbo la Virginia. Fork Union ni shule ya bweni inayofuata taratibu za askari: wanafunzi huvaa sare, hupanga mistari, na kila kazi ina saa yake. Kijana aliyezoea kujifanyia apendavyo huona mahali kama hapo pagumu sana. Lakini asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mama huyu alitaka mwanawe afunzwe mapema, kabla ulimwengu haujaanza kumfunza kwa ukali wake. Eddie alikaa huko, akajifunza kuamka, kutii na kusoma. Hata akaongeza mwaka mmoja zaidi baada ya masomo ya sekondari ili ajitayarishe vema kwa chuo.

Mwaka wa 1992 alikubaliwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus. Huko Marekani mpira wa vyuo si mchezo wa wanafunzi wachache wanaotazamwa na rafiki zao. Uwanja wa Ohio State huingiza makumi ya maelfu ya watu kwa siku moja, na habari za mchezo huandikwa katika magazeti ya nchi nzima. Kijana wa miaka 18 au 19 anayeingia hapo hutazamwa na macho mengi kuliko anavyotazamwa mkuu wa wilaya.

3. Siku ya makosa mawili

Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Katika mwezi wa Septemba 1992, chuo chake kilipocheza ugenini na chuo cha Syracuse, Eddie aliuvusha mpira mstari wa mwisho mara tatu. Watu wakaanza kulitaja jina lake, wakiuliza huyu kijana mpya ametoka wapi.

Lakini tarehe 10 Oktoba 1992 Ohio State walicheza nyumbani na chuo cha Illinois. Eddie alipewa mpira karibu sana na mstari wa mwisho, pakiwa pamebaki yadi 4 tu. Watazamaji wakasimama wakingoja kushangilia. Mpira ukamponyoka. Mshindani mmoja akauokota, akakimbia nao upande wa pili yadi 96, asikamatwe na mtu, akapata alama. Hivyo upande wake ulikosa alama zake, na wenzao wakapata alama ambazo hawakuzitazamia.

Kama kosa hilo halikutosha, baadaye katika mchezo huohuo alipewa tena mpira, mara hii pakiwa pamebaki yadi 1 tu: hatua moja ya mtu mzima. Ukamponyoka tena. Mchezo ulipokwisha, Illinois walikuwa na alama 18 na Ohio State alama 16. Walishindwa kwa alama mbili tu, na hapakuwa na mtu uwanjani asiyejua sababu yake.

Mtu akikosea peke yake chumbani, aibu yake ni ya siku moja. Kijana huyu alikosea mbele ya umati mkubwa, na kosa lake likaandikwa katika vitabu vya mchezo, wala halitafutika. Watu walimzomea. Na adhabu iliyo nzito kuliko kuzomewa ikafuata: mwalimu wake hakumpa mpira tena ila mara chache. Mwaka mzima wa 1993 alipewa mpira mara 42 tu, mwenziwe mwingine akitangulizwa mbele yake. Alikaa kando ya kiwanja akitazama wengine wakifanya kazi aliyoitamani.

4. Kuvunjika kwa koleo

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi aliyevunja koleo ana njia tatu. Aweza kuiacha kazi. Aweza kukaa akilaumu chuma, moto na mvukutaji. Au aweza kufua koleo jipya. Eddie George hakukihama chuo, wala hakumlaumu mwalimu. Alibaki, akafanya mazoezi, akangoja zamu yake.

Zamu ilikuja mwaka wa 1994. Alipewa mpira mara 276, akakimbia jumla ya yadi 1,442. Mwaka uliofuata, 1995, ulikuwa wake wa mwisho chuoni, naye alikimbia yadi 1,927 na kuuvusha mpira mstari wa mwisho mara 24.

Katika mwaka huo, tarehe 11 Novemba, Illinois walikuja tena Columbus. Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu siku ile ya aibu. Uwanja ulikuwa uleule, mshindani yuleyule, na mchukua mpira yuleyule. Siku hiyo Eddie alikimbia yadi 314, kipimo ambacho hakuna mchukua mpira wa Ohio State aliyekuwa amekifikia katika mchezo mmoja, wala hapana aliyekipita hata mwaka wa 2020. Ohio State walipata alama 41, na Illinois 3.

Mwezi wa Desemba 1995 alipewa Tuzo ya Heisman. Tuzo hii hutolewa kila mwaka, tangu mwaka wa 1935, kwa mchezaji mmoja aliyewapita wote katika vyuo vya Marekani. Yule aliyezomewa akawa yeye aliyechaguliwa katika nchi nzima.

5. Mpira kuwa kazi

Marekani wako wachezaji ambao mpira ndio kazi yao na riziki yao. Vilabu vyao vimeungana katika Ligi ya Taifa, ambayo kifupi cha jina lake ni NFL. Kila mwaka vilabu hivyo huchagua vijana wa vyuo kwa zamu. Mwaka wa 1996 Eddie alikuwa mtu wa 14 kuchaguliwa, akachukuliwa na klabu ya Houston Oilers ya jimbo la Texas. Katika mwaka wake wa kwanza alikimbia yadi 1,368, akapewa heshima ya kuwa mchezaji mpya bora wa upande wa mashambulizi. Mwaka wa 1997 klabu ilihamia jimbo la Tennessee, na tangu mwaka wa 1999 ikaitwa Tennessee Titans, makao yake Nashville.

Eddie hakuwa na mbio kuliko watu wote. Sifa yake kubwa ilikuwa ustahimilivu. Alikuwa mtu wa kupigwa na kuinuka. Katika miaka minane ya kuichezea klabu hiyo, kuanzia 1996 hata 2003, alianza michezo 128 ya ligi mfululizo, asikose hata mmoja. Katika mchezo ambao watu huvunjika mifupa kila juma, jambo hilo ni nadra. Mwaka wa 2004 alichezea klabu ya Dallas Cowboys, kisha akaacha. Jumla ya yadi alizokimbia katika ligi ni 10,441. Tena aliuvusha mpira mstari wa mwisho kwa kukimbia mara 68.

Walakini, hata yeye hakupata kila alichokitamani. Tarehe 30 Januari 2000, mjini Atlanta, Titans walicheza mchezo wa mwisho wa kugombea ubingwa wa ligi, unaoitwa Super Bowl, na klabu ya St. Louis Rams. Rams walitangulia kwa alama 16 kwa 0. Eddie aliuvusha mpira mara mbili, na Titans wakafikia 16 kwa 16. Rams wakapata tena, ikawa 23 kwa 16. Mwishoni kabisa Titans walikuwa na jaribio moja tu na yadi 10 mbele yao. Mwenzao Kevin Dyson aliudaka mpira, akakimbilia mstari. Mike Jones wa Rams akamshika miguu. Dyson alianguka akinyosha mkono wenye mpira, na mkono ukapungukiwa na yadi moja. Saa ikawa imekwisha.

Yadi moja mwaka wa 1992 na yadi moja mwaka wa 2000! Lakini mara ya pili kosa halikuwa la mtu. Kila mmoja alifanya awezalo, na bado hawakupata. Hili nalo ni fundisho: liko tunda ambalo mtu hulikosa kwa uzembe, na liko ambalo hulikosa ingawa ameruka kwa nguvu zake zote. La kwanza lataka toba. La pili lataka saburi.

6. Baada ya mbio

Mchezaji wa mpira huu hustaafu akiwa kijana. Mkulima wa miaka 31 ndiyo kwanza anaizoea jembe, lakini mchukua mpira wa umri huo ni mzee. Wengi hupata fedha nyingi upesi na kuzipoteza upesi, kwa kuwa hawakujifunza kazi nyingine.

Eddie alikuwa ametoka chuoni kabla ya kumaliza shahada yake. Alipokuwa bado mchezaji mwenye jina na mali, alirudi kuimaliza, na mwaka wa 2001 Ohio State wakampa shahada ya usanifu wa mandhari, yaani elimu ya kupanga bustani, viwanja na mazingira ya miji. Watu wangeweza kumwuliza: tajiri ataka shahada ya nini? Lakini elimu aliyoianza ilikuwa deni, naye akalilipa. Akashiriki katika kampuni ya kazi hiyo. Baadaye akasoma tena mambo ya usimamizi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akapata shahada ya pili. Kadhalika alijifunza uigizaji, akaigiza jukwaani huko Nashville katika michezo ya Shakespeare, mmojawapo ukiwa ule wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili.

Katika mambo hayo yote alianza chini, kama mwanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye hakuona haya kuinama.

7. Chuo cha Tennessee State

Mjini Nashville kiko chuo kikuu kiitwacho Tennessee State. Kilifunguliwa mwaka wa 1912, katika siku ambazo sheria za majimbo ya kusini ya Marekani ziliwatenga watu weusi na watu weupe. Mtoto wa Kiafrika wa Marekani, hata akiwa na akili nyingi namna gani, hakuruhusiwa kuingia katika vyuo vya weupe vya huko. Ndipo vikajengwa vyuo vya watu weusi, mara nyingi kwa fedha chache, na katika vyuo hivyo walitoka walimu, waganga, wanasheria na wachezaji wengi mashuhuri. Wilma Rudolph, ambaye utotoni aliugua ugonjwa wa kupooza miguu, kisha akapata nishani tatu za dhahabu kwa mbio katika michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka wa 1960, alisoma Tennessee State.

Sheria hizo za utengano zimekwisha, na vyuo vyote viko wazi kwa watu wote. Lakini vyuo vya namna hii vingi bado si tajiri. Katika mpira, vyuo vya Marekani vimepangwa kwa madaraja, na Tennessee State hucheza daraja la pili. Mwaka wa 2021, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kuwalipia wachezaji 85 gharama zote za masomo. Chuo cha daraja la pili kiliruhusiwa malipo ya watu 63 tu.

Mwezi wa Aprili 2021 chuo hicho kilimchagua Eddie George awe mkuu wa walimu wa mpira, yaani kocha mkuu. Alikuwa na miaka 47. Watu wengine walistaajabu, na wengine walikuwa na shaka, kwa maana hajapata kuwa kocha mahali popote. Kucheza vizuri ni elimu moja, na kufundisha ni elimu nyingine. Fundi hodari wa kuchonga mlango aweza kushindwa kabisa kumwonyesha kijana namna ya kushika randa.

8. Kazi ya mwalimu wa mchezo

Mchukua mpira hushika mpira mmoja, lakini kocha hushika vijana wapatao mia. Hawezi kuingia uwanjani kuwasaidia. Mpira ukimponyoka kijana, kocha husimama kando akitazama, na lawama humfikia yeye kwanza. Hutembelea shule kutafuta wachezaji na kuzungumza na wazazi wao. Hutazama picha za michezo iliyopita ili ajue hila za washindani. Tena huangalia masomo ya vijana wake, kwa sababu kanuni za michezo ya vyuo zasema kwamba mwanafunzi asiyefikia kipimo cha masomo haruhusiwi kucheza.

Eddie George alijua asichokijua. Kwa hiyo alitafuta wasaidizi waliozoea kazi. Mmoja wao alikuwa Hue Jackson, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa vilabu katika Ligi ya Taifa. Mkubwa kuchukua msaidizi anayemzidi kwa ujuzi si jambo jepesi. Wakubwa wengi hupenda kuzungukwa na wanaowasifu.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa tarehe 5 Septemba 2021, mjini Canton, katika jimbo la Ohio, na chuo cha Grambling State. Watu wengi walikuja kumtazama bingwa wa zamani. Tennessee State wakashindwa, alama 16 kwa 10. Na tazama jinsi miaka yake minne ilivyokwenda:

Mwaka wa 2021: walishinda 5, walishindwa 6.
Mwaka wa 2022: walishinda 4, walishindwa 7.
Mwaka wa 2023: walishinda 6, walishindwa 5.
Mwaka wa 2024: walishinda 9, walishindwa 4.

Mwaka wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakisema, "Nimejitahidi, na mambo yamezidi kuharibika." Lakini mti uliohamishwa hupukutisha majani kwanza, kisha hushika mizizi.

Tarehe 2 Septemba 2023 walikwenda South Bend kucheza na Notre Dame, chuo chenye jina kuu na mali nyingi. Ilikuwa mara ya kwanza katika habari zote za Notre Dame kucheza na chuo cha namna ya Tennessee State. Walishindwa vibaya, alama 56 kwa 3. Vijana wangeweza kurudi nyumbani wameinamisha vichwa hata mwisho wa mwaka. Lakini msimu huohuo ulioanza kwa kipigo walishinda mara nyingi kuliko walivyoshindwa. Kocha wao alijua kwa mwili wake mwenyewe kwamba siku moja mbaya, hata ikiandikwa vitabuni, si lazima iwe mwisho wa habari.

9. Mavuno

Mwaka wa 2024 Tennessee State walishika nafasi ya kwanza katika jumuiya yao ya vyuo, wakigawana heshima hiyo na vyuo vingine vilivyolingana nao. Hawakuwa wameonja ubingwa wa namna hiyo tangu mwaka wa 1999. Wakaingia katika mashindano ya mwisho ya daraja lao, mara ya kwanza tangu mwaka wa 2013. Huko walisafiri mbali mpaka Montana, nchi ya milima na baridi, wakashindwa alama 41 kwa 27. Eddie George akachaguliwa kuwa kocha bora wa jumuiya yake kwa mwaka huo.

Mwezi wa Machi 2025 Chuo Kikuu cha Bowling Green kilimwita awe kocha wake mkuu. Chuo hicho kimo katika jimbo la Ohio, jimbo lilelile alikouangusha mpira alipokuwa kijana, nacho hucheza daraja la kwanza. Hivyo akapanda ngazi moja, na kama ilivyo desturi ya ngazi, aliyefika juu ya moja hujikuta chini ya nyingine.

10. Mafundisho ya habari hizi

Wasomaji wengine watashika yadi 10,441 na tuzo na umati wa watu. Hayo ni mambo ya fahari, lakini si kila kijana atazaliwa na mwili wa mchukua mpira. Afadhali kushika mambo ambayo kila mwanafunzi aweza kuyafanya.

La kwanza: Eddie alirudi mahali pa kosa lake. Mwanafunzi aliyeanguka katika hesabu hupenda kuliepuka somo la hesabu. Na kumbe dawa imo mlemle.

La pili: alimaliza elimu aliyoianza, hata wakati ambapo watu walidhani haihitaji. Mguu wa mchezaji huchoka, na shangwe za watu hunyamaza, lakini elimu haimponyoki mtu kama mpira.

La tatu: alikubali kuwa mwanafunzi tena katika umri wa utu uzima. Aliyezoea kusifiwa akikubali kushindwa hadharani ili ajifunze, huyo ana ushujaa kuliko yule akimbiaye mbele ya watu wanaomshangilia.

Na la nne: mwalimu aliyewahi kuangusha mpira hamdharau kijana aliyeuangusha. Hasemi kwamba si kitu, maana alama mbili zilipotea kweli. Wala hamfukuzi. Humwambia aamke, ashike mpira kwa mikono miwili, na kesho aje mazoezini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Amana: kitu ambacho mtu amekabidhiwa akitunze kwa ajili ya wengine.
Duni: -a hali ya chini, hafifu.
Kupenya: kupita katikati ya mahali penye kizuizi.
Kuzomea: kumpigia mtu kelele za dharau.
Mvukutaji: mtu anayepuliza moto wa mhunzi kwa mivuo.
Nadra: jambo lisilotokea mara kwa mara.
Randa: chombo cha seremala cha kulainisha mbao.
Ugenini: mahali pasipo kwako, kinyume cha nyumbani.

MASWALI

1. Mpira wa Kimarekani una tofauti gani na mpira wa miguu unaochezwa shuleni kwako? Taja tatu.
2. Kwa nini mama yake Eddie alimpeleka Fork Union?
3. Eleza makosa mawili ya tarehe 10 Oktoba 1992. Matokeo yake yalikuwa nini kwa wenzake, na kwa Eddie mwenyewe?
4. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Onyesha jinsi methali hii inavyohusiana na habari za miaka ya 1993 hata 1995.
5. Yadi moja ya mwaka wa 1992 na yadi moja ya mwaka wa 2000 zina tofauti gani?
6. Kwa nini vilijengwa vyuo kama Tennessee State?
7. Hesabu: Katika miaka minne ya Eddie George huko Tennessee State, chuo kilishinda michezo mingapi kwa jumla, na kilishindwa mingapi?
8. Kwa nini ni vigumu kwa mkubwa kuchukua msaidizi anayemzidi ujuzi?
9. Andika insha ya ukurasa mmoja juu ya kazi uliyoshindwa mara ya kwanza, na jinsi mtu awezavyo kuirudia kazi kama hiyo akafaulu.